Barua ya Kanisa Niliyoiandika Mwenyewe

Siku mke wangu alipokufa, barua yake ilikuwa katika faili mbili. Barua yenyewe ilikuwa katika faili ya hospitali, na nakala yake katika faili ya kanisa. Barua hiyo niliiandika mimi. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nimekaa pembeni na mikono safi, nikitafuta wa kulaumu.

Tulikaa Makongeni, katika nyumba za reli, ingawa mimi sikuwa mtu wa reli. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Ilikuwa miaka ya tisini, reli ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na wenye nyumba wengi walikuwa wanapangisha chumba kimoja ili wasaidike. Chumba chetu kilikuwa cha fundi mmoja wa karakana ya reli. Yeye na familia yake walibaki katika chumba cha pili. Akikohoa tunasikia, tukigombana anasikia.

Mke wangu aliuza sukuma wiki na nyanya karibu na bomba la maji, mahali ambapo kila mtu wa laini yetu ya nyumba hana budi kupita. Watoto wetu wawili walikuwa kwa mama yangu, nyumbani magharibi. Mimi nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kwa ajili ya mwandiko huo kanisa lilinifanya karani wa Kamati ya Huruma.

Kamati hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye shida alikuja mbele yetu Jumamosi, tukamwuliza kama anahudhuria ibada, kama anatoa fungu la kumi, na kama ana ndugu wa kumsaidia. Akipita hapo, nilimwandikia barua. Pasta aliipiga muhuri, na alipenda kuupiga kwa nguvu mpaka meza ilie. Kila barua ilikuwa na sentensi moja ambayo niliirithi kutoka kwa karani aliyenitangulia: "Kanisa litasimama naye katika shida hii." Jumapili mwenye shida alisimama mbele ya watu, akatoa ushuhuda, na kikapu kikapitishwa. Niliupenda utaratibu huo. Nilijiona mtu wa maana.

Jumamosi moja ibada ya nyumbani ilikuwa kwetu, na baada ya chai pasta alibaki uani akiongea na wanaume. Redio ilikuwa imezungumza juu ya malipo katika hospitali za serikali. Zamani mtu alitibiwa kwa kodi ya wananchi, sasa aliambiwa achangie gharama, na kulikuwa na watu waliotaka mambo yarudi kama zamani. Pasta hakuwa mmoja wao.

"Kodi hutolewa kwa nguvu," alisema. "Kitu kilichotolewa kwa nguvu kina upendo gani? Serikali ikimtibu kila mtu bure, sisi Wakristo tutamhurumia nani?"

Fundi alikuwa ameketi mlangoni kwake akinyoosha mguu wa jiko kwa nyundo. Kanisani hakuwa akija ila kwenye harusi.

"Mimi sitaki kuhurumiwa, pasta," alisema bila kuinua macho. "Nikipasuka, nataka kushonwa."

Watu walicheka. Mke wangu, aliyekuwa akikusanya vikombe, akaongeza, "Na uzi uwe mzuri."

"Huruma inatoka kwa Mungu, ndugu fundi."

"Basi abaki nayo. Mimi nimekatwa kodi tangu nikiwa kijana wa kusukuma vyuma kule karakana. Kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeniuliza kama nimeokoka ndipo anikate. Sasa nikiugua niulizwe?"

"Bila kuulizwa watu wanakuwa wavivu. Wanakuwa wezi wa dawa."

"Mvivu naye ana figo, pasta."

Hapo mimi nikaingia. Hakuna aliyekuwa ameniomba. Nilisema kwamba vya bure vinaharibu watu, na kwamba mtu akishatibiwa na serikali hatakumbuka kanisa tena. Pasta aliniwekea mkono begani. Fundi aliniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akarudi kwa nyundo yake.

Jioni mke wangu aliniambia, "Leo umesema kitu cha kijinga mbele ya watu. Wewe ukinyamaza una akili sana."

Wiki chache baadaye, mama mmoja aliyekuwa akipika busaa nyuma ya nyumba za laini ya tatu alikuja mbele ya kamati na mkono umeungua. Pipa lilikuwa limemmwagikia. Ngozi ilikuwa imetoka kama soksi iliyovuliwa. Alitaka barua na msaada wa kumfikisha hospitali. Tulimwuliza maswali yetu. Kuhudhuria alihudhuria, lakini kazi yake ilikuwa pombe. Niliandika kwamba kamati haikuona njia ya kumsaidia mpaka atakapoacha biashara hiyo. Nilimsomea. Aliushika mkono ule kwa mkono mwingine, akasema, "Asante, karani," akatoka. Mke wangu hakunisemesha kwa siku mbili. Alinipakulia chakula na kuondoka.

Kisha akaugua yeye.

Alikuwa akitoka damu kwa miezi kadhaa na kunificha. Alisema ni mambo ya wanawake. Siku moja alianguka bombani, nyanya zikatawanyika, na wanawake wakamleta nyumbani wamemshika kwapani. Hospitali ya serikali ilimpima, na daktari akatueleza vizuri, bila haraka, kwamba kulikuwa na uvimbe katika mfuko wa uzazi na kwamba lazima apasuliwe. Si mwakani, alisema, na si mkipata nafasi. Lakini kabla ya kulazwa tulitakiwa kulipa kwanza, au tulete idhini ya kusamehewa malipo kutoka ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini.

Mshahara wangu wa kibarua haukufika hata robo ya kile walichotaka. Tukarudi nyumbani tukaulizia habari za huo msamaha. Fundi ndiye aliyejua.

"Unaenda kwa chifu," alisema. "Anakuandikia kwamba huna kitu. Unapeleka. Basi. Usiende na maneno mengi."

Nilikwenda kwa chifu. Nilikaa kwenye foleni siku nzima nikapata barua, mistari mitatu. Nilipoiangalia niliona ni nyembamba mno. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Nikafikiri, mimi ni karani wa kanisa, nitakwendaje mbele ya serikali na mistari mitatu kama mtu asiye na kwao? Nikachukua karatasi ya kanisa yenye kichwa cha rangi ya buluu, nikaandika barua ya mke wangu. Niliandika kwamba ni mama mwaminifu, kwamba mumewe ni mtumishi katika kamati, kwamba tunajulikana. Mwishoni niliweka ile sentensi: kanisa litasimama naye katika shida hii. Mkono ulikuwa umeizoea. Pasta aliipiga muhuri bila kuisoma.

Ofisini kulikuwa na mama mwenye miwani na sauti iliyochoka. Alisoma barua ya chifu, akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu. Laiti ningeishia hapo. Nikamsogezea ya pili.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Ni ya kanisa letu, mama. Kuthibitisha kwamba sisi ni watu waaminifu."

"Sijauliza uaminifu." Aliisoma yote. Kalamu akaiweka chini. "Inasema kanisa litasimama na mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi lisimame. Msamaha ni wa wasio na mtu. Nina watu kwenye hiyo korido ambao hawana hata wa kuwaletea uji."

"Lakini hayo ni maneno ya barua tu, mama. Tunayaandika kwa kila mtu."

Alivua miwani akanitazama. "Unaniambia kanisa lenu linapiga muhuri juu ya uongo?"

Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu, leso imefungwa kiunoni mara mbili. Alinigusa goti. Nilijua anachotaka niseme. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo. Niliufikiria muhuri wa pasta na jina la kanisa, nikaona aibu.

"Hapana, mama," nilisema. "Si uongo."

"Sawa. Nendeni kwa kanisa." Akaiweka barua katika faili, akaita mtu mwingine.

Nimepewa miaka mingi ya kulifikiria neno hilo. Sijapata namna ya kulisema ambayo inanifanya nionekane afadhali.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la korido ili apumzike. Mama wa busaa alikuwa hapo, mkono umefungwa bandeji nyeupe safi, akisubiri kubadilishiwa. Aliamkiana na mke wangu kama dada, kisha akanigeukia.

"Karani! Umepotea njia?"

Mke wangu akamweleza. Mama wa busaa alisikiliza, akaanza kutikisa kichwa.

"Umewaonyesha barua ya kanisa? Ai! Hiyo ungeificha kwenye soksi." Akainua mkono wake. "Mimi mlininyima, sivyo? Nikaja na ya chifu peke yake. Nililazwa wiki tatu, sijatoa kitu. Wakaniuliza, una mtu? Nikasema sina. Wakaniuliza, una kanisa? Nikasema walinifukuza. Yule yule mwenye miwani ndiye aliyenitilia sahihi."

Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa anaeleza tu njia, kama unavyomweleza mgeni pa kushukia. Nilirudi mbio hadi mlango wa ile ofisi kuomba barua yangu. Niliambiwa kilichoingia katika faili hakitoki.

Jioni hiyo nilikwenda kwa pasta. Nilimkuta ofisini kwake nyuma ya kanisa la mabati, akipima kwa futi kamba mahali ambapo sakafu mpya ya simiti ingeishia. Nilimweleza kila kitu.

"Serikali ina msamaha," alisema. "Mfuko wetu ni wa wale wasio na njia nyingine. Rudi ukaombe tena."

"Wamekataa kwa sababu yetu, pasta."

"Yetu nani? Barua ameandika nani, ndugu karani?"

"Mimi. Lakini muhuri ni wako."

"Muhuri ni wa Bwana." Akaikunja ile futi kamba. "Na wewe ndiwe uliyesema pale uani kwamba vya bure vinaharibu watu. Nilifurahi sana siku ile. Leo umegeuka? Mlete Jumapili asimame kama wengine. Hatuwezi kumrukisha mtu utaratibu kwa sababu mumewe ni mtu wa kamati."

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Alikuwa ananirudishia maneno yangu mwenyewe, na hakuyapinda hata kidogo.

Mke wangu aliposikia alisema, "Nitasimama. Lakini usiniombe nitabasamu."

Jumapili alivaa gauni jeusi, na nilijua ni kwa nini alichagua jeusi. Alipelekwa mbele. Pasta akamwambia atoe ushuhuda ili kanisa liguswe.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Ninatoka damu. Daktari amesema nipasuliwe upesi. Anayetaka kutoa, atoe. Nimechoka kusimama."

Akaketi kwenye ngazi ya madhabahu. Wanawake wazee waliguna. Pasta akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejaribu kuokoa jambo.

"Dada yetu, hata katika uchungu tunashukuru."

"Shukuru wewe, pasta. Mimi nitashukuru nikitoka hospitali."

Kikapu kilipita. Watu walitoa, sitasema hawakutoa. Watu wetu walikuwa vibarua na wauza mboga, na niliona mikono ikiingia mifukoni na kutoka na kilichokuwepo. Lakini pasta alitangaza kwamba kilichopatikana kingekaa kwake mpaka kamati ikutane Jumamosi iamue, kwa kuwa kulikuwa na swali la moyo wa kupokea. Hivyo ndivyo alivyosema, moyo wa kupokea. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani. Kikao kikasogezwa hadi Jumamosi iliyofuata.

Alikufa Jumanne kabla ya hiyo Jumamosi ya pili.

Nilikuwa kiwandani. Wakati wa chai mlinzi aliniita getini, nikamwona fundi amesimama nje ya mageti, kofia ya kazi mkononi. Mtu huyo sikuwahi kumwona bila kofia, hata harusini.

"Tulimpakia kwenye gari la rafiki yangu," alisema. "Mimi na mke wangu. Njia nzima alinitukana kwamba ninamtikisa kama gunia la mkaa. Nikafurahi, nikasema akitukana yuko. Tulipofika pale mlangoni wakaanza kutafuta faili yake." Akaigeuza kofia mkononi. "Alinyamaza wakiwa bado wanatafuta."

Jioni ile ile kamati ilikutana. Haikungoja Jumamosi. Walikaa uani kwetu, kwenye viti vya kuazima, na ndani ya siku tatu kila kitu kilikuwa tayari: jeneza la mbao nzuri, basi la kutupeleka magharibi, chakula cha waombolezaji, mashada ya maua. Watu ambao hawakuwahi kuingia chumbani kwetu alipokuwa amelala kwenye kile kitanda waliingia sasa, wakagusa kitanda, wakalia. Kile cha kwenye kikapu kilitoka bila swali la moyo wa mtu yeyote.

Fundi alisimama mlangoni kwake akaangalia hayo yote.

"Kuzika mnajua," alisema. "Kuzika mnajua sana."

"Fundi, huu ni msiba," pasta alimwambia.

"Ndivyo ninavyosema."

Sikukataa jeneza lao. Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilikuwa sina njia nyingine ya kumpeleka kwao, na mama yake alikuwa anangoja. Nililipokea, nikasema asante, kama mama wa busaa alivyoniambia mimi.

Kabla ya kusafiri kulikuwa na ibada ya kumuaga pale kanisani, na nilitakiwa kusoma maisha yake. Niliyaandika usiku wa pili wa matanga, ukurasa mmoja: alizaliwa wapi, alisoma hadi wapi, watoto wake, kwamba nyanya zake hazikuwa na zilizooza chini, kwamba alikuwa na mdomo. Nilimpa pasta aone, kama ilivyo desturi. Asubuhi aliponirudishia, chini kabisa palikuwa na sentensi kwa mwandiko wake: "Katika ugonjwa wake kanisa lilisimama naye hadi mwisho."

Niliisoma karatasi mbele ya watu. Nilipofika kwenye sentensi ile nilinyamaza. Pasta alikohoa. Watu wakadhani ninalia, mtu mmoja akaanzisha wimbo ili kunisaidia. Sikuwa ninalia. Niliungoja wimbo uishe, nikakunja karatasi juu ya ile sentensi, nikaiweka mfukoni, nikaenda kuketi kando ya jeneza. Pasta hakunisemesha njia nzima ya kwenda magharibi, siku nzima ndani ya basi moja, na mimi sikumsemesha. Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Amenitumia watu wa kupatanisha mara mbili. Niliwapa chai.

Sitaki kumdanganya anayesoma kwamba serikali ilikuwa nzuri. Yule mama mwenye miwani naye alikuwa na moyo wa bati. Lakini sasa najua ninachotaka, na ni kile alichotaka fundi. Bomba letu la Makongeni lilikuwa linakauka mara nyingi, na tulilitukana. Hata hivyo likikauka lilitukaukia wote, na likitoka hakuna aliyekuuliza umeokoka ndipo uweke ndoo yako. Mke wangu aliuza mboga kando ya bomba hilo miaka saba. Dawa ingekuwa kama maji yale, angekuwa anauza mpaka leo na kunitukana.

Baada ya kurudi kutoka mazishini niliandika kwamba sitaki tena ukarani. Habari hiyo haikumfikia kila mtu. Mwezi haukuisha, mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika bohari la Industrial Area, akabisha mlangoni kwangu mchana. Alikuwa na henia, anatembea ameikandamiza kwa mkono. Alitaka barua ya kanisa aipeleke hospitali, kwa sababu alisikia mwandiko wangu unaheshimika.

Nilimketisha. Nikamwambia aende kwa chifu, apate mistari mitatu, asiongeze kitu.

"Na wakiniuliza kama nina kanisa?"

"Sema huna."

Alinitazama kwa huzuni. Alikuwa mshiriki wetu wa miaka mingi, wa safu ya mbele. "Karani, unanifundisha kudanganya nikiwa na umri huu?"

"Si kudanganya, mzee," nilimwambia. "Huna."